Msitu Haupimwi kwa Idadi ya Miti

Hekta moja ya mikaratusi iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 huwa na miti 1,111. Msitu wa asili wa magharibi mwa Amazoni huwa na miti mikubwa michache kuliko hiyo kwa hekta, lakini wakati mwingine ni ya spishi zaidi ya 200. Anayehesabu mashina tu atasema shamba la mikaratusi limeshinda. Chura, popo na kuvu hawatakubaliana naye.

Misitu imefunika takriban asilimia 31 ya nchi kavu, na ndani yake ndimo zinamopatikana asilimia 80 hivi ya spishi za amfibia, 75 za ndege na 68 za mamalia. Sababu ni ngazi zake. Juu kuna jua na upepo, katikati kivuli chepesi, chini unyevu usiokauka. Kila ngazi ina joto lake, chakula chake na wakazi wake.

Sehemu inayodharauliwa kuliko zote ni mti mfu. Gogo likianguka, wadudu wanaotoboa mbao hutangulia, kuvu hufuata kupitia matundu yao, kisha mchwa na majongoo huingia mbao zikishalainika. Baada ya miaka, miche huota juu ya gogo hilohilo. Mti mkongwe uliosimama nao ni nyumba: kigong'ota huchonga tundu, akihama huingia bundi, popo au nyuki. Hondohondo hawezi kujichongea. Hutafuta tundu kubwa lililokwisha kuwapo, kisha jike wa spishi nyingi hujifungia humo kwa kuziba mlango, akiacha ufa mwembamba wa kupokelea chakula kutoka kwa dume. Kwa hiyo "kusafisha msitu" kwa kuondoa magogo na miti yenye mashimo ni kubomoa nyumba hizo.

Ukubwa na umbo la msitu vina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukingoni jua na upepo hupenya, udongo hukauka, miti mirefu huanguka na mimea inayotambaa huisonga iliyobaki. Tuseme athari hizo zinafika mita 100 ndani. Kipande cha mraba cha hekta 100 kitabaki na kiini, yaani sehemu ya ndani isiyofikiwa na athari hizo, cha hekta 64. Cha hekta 10 kitabaki na hekta 1.35 hivi. Ukanda wa hekta 10 wenye upana wa mita 100 hauna kiini kabisa. Wote ni ukingo. Utafiti ulioanza mwaka 1979 karibu na Manaus, Brazili, ulionyesha kuwa hata vipande vya hekta 100 vilipoteza nusu ya spishi za ndege wa chini ya msitu katika muda usiozidi miaka 15. Ndege wanaofuata misafara ya siafu ni miongoni mwa waliotoweka mapema, kwa kuwa kipande kidogo hakitoshi siafu, ambao huwafurushia wadudu wa kula. Ndiyo maana ushoroba unaounganisha vipande viwili una faida kuliko kipande kingine kidogo kilichojitenga.

Msitu unaweza pia kuonekana mzima kutoka juu ilhali wanyama wake wamewindwa wakaisha. Mbegu kubwa humezwa na wanyama wakubwa, nao huzipeleka mbali. Wakikosekana, mbegu huanguka chini ya mti mzazi, mahali ambapo wadudu na kuvu wanaoishambulia spishi hiyo wamejaa tayari.

Kwenye eneo lililoharibiwa, usikimbilie kupanda. Hesabu kwanza maotea, yaani miche iliyojiotea. Pima viwanja 10 vya mita 10 kwa 10, vilivyotawanyika bila kuchagua penye miche mingi. Jumla ikifika 20, hapo pana maotea 200 kwa hekta, kiwango ambacho mara nyingi hutosha kuanzia. Weka kijiti chenye alama kando ya kila otea kabla ya palizi. Kazi nyingi huharibika hapa, kwani kijana mwenye panga hufyeka otea pamoja na nyasi. Palilia duara kulizunguka, nusu mita kila upande. Nyasi ndefu zilizobaki zilaze kwa kukanyagia ubao badala ya kuzikata: zikikatwa huchipua upya kwa nguvu, zikilazwa hujifunika zenyewe na kudhoofu.

Zuia mifugo, na safisha njia ya kuzuia moto kabla ya kiangazi, kwa sababu moto wa usiku mmoja hufuta kazi ya miaka mitatu. Penye mapengo ndipo upande, kwa mchanganyiko wa spishi za asili, ukiweka humo zenye matunda yanayovuta ndege na popo. Hao wataleta mbegu nyingine. Palizi irudiwe mara mbili au tatu kwa mwaka, hadi matawi ya miche yapite urefu wa nyasi na kivuli kianze kuzikausha.