Jinsi E. coli Anavyofungua na Kufunga Jeni za Laktosi

Katika maabara za hapa Pemba, kama ilivyo katika maabara nyingi za hospitali duniani, sampuli ya choo cha mgonjwa anayeharisha hupandwa kwanza kwenye sahani ya agari ya MacConkey, yaani ute ulioganda wa kuoteshea bakteria. Ndani ya agari hiyo mna peptoni (vipande vya protini), chumvi za nyongo zinazowazuia bakteria wasiotakiwa, laktosi ambayo ni sukari ya maziwa, na rangi inayogeuka nyekundu pale asidi inapoongezeka. Sahani ikilala ndani ya inkubeta kwa nyuzijoto 37, asubuhi yake bakteria wa E. coli huwa wameota makoloni ya waridi iliyokolea kwa sababu wameichachua laktosi na kutoa asidi, ilhali makoloni ya Salmonella na Shigella, bakteria waletao kuharisha, hubaki bila rangi. Vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo huyatofautisha kwa jicho baada ya muda mfupi tu. Wachache ndio wanaouliza swali ambalo kwangu mimi ndilo lenye utamu: huyo E. coli, ambaye jana alikuwamo ndani ya utumbo wa mtu mzima ambaye pengine hagusi maziwa, amejuaje kwamba sasa yuko juu ya laktosi?

Kwa hakika hajui chochote. Alicho nacho ni jeni tatu zilizopangana kwenye DNA yake na kusomwa pamoja kama ujumbe mmoja wa RNA, mpangilio ambao wataalamu huuita operoni. Jeni ya kwanza, lacZ, hutoa kimeng'enya cha beta-galaktosidezi kinachoikata laktosi kuwa glukosi na galaktosi. Ya pili, lacY, hutoa protini inayokaa kwenye utando wa seli na kuiingiza laktosi ndani, nitaiita mlango. Ya tatu, lacA, sitaishughulikia, kwa kuwa bakteria asiye nayo hula laktosi vizuri tu. Kimeng'enya cha lacZ ni kikubwa, kina minyororo minne na kila mnyororo una zaidi ya amino asidi 1,000, kwa hiyo bakteria anayekitengeneza kwa wingi bila ya kuwapo laktosi anapoteza mali na hupitwa na wenzake katika kuzaana.

Upotevu huo huzuiwa na protini nyingine, kizuizi, inayotokana na jeni ya pembeni iitwayo lacI. Katika seli moja mna vizuizi kama kumi tu, lakini hivyo vinatosha. Kizuizi hushika kipande cha DNA kilichopo mwanzoni mwa operoni, na mashine inayonakili DNA kuwa RNA ikifika hapo hukwama, kama gari lililokuta mti umeangukia barabara ya msitu wa Ngezi. Laktosi inapoingia, sehemu yake hugeuzwa kuwa alolaktosi, na alolaktosi ikijishikiza kwenye kizuizi hukibadilisha umbo hata kikaiachia DNA. Hapo njia huwa wazi, jeni zote tatu husomwa, na kiasi cha kimeng'enya huweza kupanda hadi karibu mara 1,000. Laktosi ikiisha, vizuizi hurudi mahali pake, na kwa kuwa ujumbe wa RNA huvunjwa ndani ya dakika chache, uzalishaji husimama bila ya kuchelewa.

Msomaji makini ataona kwamba maelezo haya yana fundo. Laktosi haingii ila kwa mlango, na mlango hutengenezwa na operoni ambayo bado imefungwa. Tena anayeigeuza laktosi kuwa alolaktosi ni beta-galaktosidezi yenyewe, yaani kimeng'enya kilekile kinachozuiliwa ndicho kinachotengeneza ufunguo wa kujifungulia. Fundo hilo hufunguka pale tunapokubali kwamba kufungwa kwa operoni si kufungwa kabisa. Mara mojamoja kizuizi huiachia DNA kwa muda mfupi, ujumbe mmoja au miwili ukanakiliwa, na seli ikabaki na milango michache na molekuli chache za kimeng'enya. Uvujaji huu mdogo, ambao vitabu vingi vya skuli huuruka, kwa maoni yangu ndio kiini cha mfumo mzima: bila ya huo, E. coli angeweza kukaa juu ya laktosi na asiitumie kamwe. Pia unaeleza kwa nini, laktosi au kemikali zinazofanana nayo zikiwa kidogo, seli nyingine huwaka kikamilifu na jirani zake zikabaki zimezima ingawa zote zina jeni zilezile.

Liko na sharti la pili, nalo linahusu glukosi. Glukosi inapoingia kwenye seli, mojawapo ya protini zinazoisafirisha hugeuka na kuushika mlango wa laktosi, ukazibwa. Wakati huohuo molekuli iitwayo cAMP hupungua, na bila ya cAMP ya kutosha protini ya CRP haiwezi kukaa karibu na operoni na kuisaidia mashine ya kunakili kuanza kazi. Bila ya msaada huo, operoni husomwa kwa udhaifu hata kama kizuizi kimeondoka. Wengi hufundisha cAMP peke yake, lakini kuzibwa kwa mlango kuna uzito mkubwa zaidi bakteria anapokutana na glukosi na laktosi kwa pamoja.

Aliyeliona jambo hili kwa grafu ni mwanabiolojia Jacques Monod, mjini Paris, wakati Ufaransa imekaliwa na Wajerumani. Katika tasnifu yake ya mwaka 1941 alionyesha kwamba bakteria waliopewa sukari mbili huongezeka kwa kasi, husita kidogo, kisha huongezeka tena: sukari ya kwanza imekwisha, na vimeng'enya vya ya pili ndiyo kwanza vinatengenezwa. Miaka 20 baadaye, mwaka 1961, yeye na François Jacob, ambaye alitaka kuwa daktari wa upasuaji kabla ya kujeruhiwa vitani, walichapisha maelezo ya operoni, na mwaka 1965 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Lwoff. Kizuizi chenyewe kilitengwa mwaka 1966 na Walter Gilbert na Benno Müller-Hill.

Kusita huko kwa Monod tunakutegemea kila siku kwenye benchi. Koloni lisilo na rangi tunalidunga kwa sindano ndani ya tyubu ya agari ya Kligler, iliyogandishwa kimshazari ili juu iwe na mteremko na chini kitako, yenye glukosi asilimia 0.1 na laktosi asilimia 1, pamoja na rangi inayokuwa ya manjano kwenye asidi na nyekundu kwenye alkali. Kwa saa za mwanzo, E. coli na Salmonella wote hula glukosi, na tyubu nzima huwa ya manjano. Glukosi ikiisha, E. coli hufungua operoni yake na kuendelea na laktosi, kwa hiyo manjano hubaki. Salmonella, asiye na jeni hizo, hugeukia peptoni pale juu kwenye mteremko penye hewa, hutoa alkali, na mteremko ukarudi mwekundu huku kitako kikibaki cha manjano. Shigella sonnei hutatiza kidogo, kwani kimeng'enya anacho ila mlango hana. Kwenye laktosi huonekana kama asiyeila, na huenda akaanza kuichachua baada ya siku kadhaa.

Kwa hiyo tyubu husomwa baada ya kukaa inkubeta kwa muda wa saa 18 hadi 24. Ukiisoma baada ya muda wa saa 10 tu, Salmonella atafanana na E. coli, na ukiiacha mno, hata E. coli atamaliza laktosi na mteremko wake utageuka mwekundu. Ndiyo maana saa ya kuingiza tyubu kwenye inkubeta tunaiandika kwa kalamu juu ya tyubu yenyewe, mbali na kuiweka daftarini.