Chungwa la kijani si bichi

Wanunuzi wengi mjini huliacha chungwa la Muheza, mkoani Tanga, kwa sababu ganda lake ni la kijani, wakachukua la Misri au Afrika Kusini lenye ganda la njano iliyokolea. Mkulima wa Tanga anaonewa bure, kwani rangi haipimi utamu. Ganda hupoteza ukijani usiku unapokuwa na baridi, takriban nyuzi 13 za Selsiasi kushuka chini. Tambarare za Tanga ni za joto, hivyo chungwa huiva ndani na kubaki kijani nje. Baadhi ya machungwa ya biashara hata hupitishwa kwenye gesi ya ethilini ili ganda libadilike. Utamu wa ndani hauongezeki.

Pima kwa mkono. Kati ya mawili yenye ukubwa sawa, zito ndilo lenye maji mengi. Chungwa lenye ganda nene la matuta, tena jepesi mkononi, mara nyingi ni kavu ndani. Mwombe muuzaji akate moja uonje, maana chungwa likishachumwa haliendelei kuiva kama embe au ndizi: ukinunua chachu, hata ulifungie wiki nzima halitakuwa tamu.

Lililochanika kwenye kikonyo liache. Lilivutwa mtini badala ya kukatwa kwa mkasi, na ukungu huanzia hapo.