Nyamapori ya Uingereza: maswali na majibu kabla hujabandika sufuria

Msimu wa kuwinda ndege Uingereza hufunguliwa Agosti 12 kwa grausi (ndege mwitu anayefanana na kwale), wa kwale huanza Septemba 1 na wa fezanti (ndege mwitu mwenye mkia mrefu) Oktoba 1. Msimu wa grausi huisha Desemba 10, wa wengine wawili Februari 1. Kipindi hicho bucha nyingi za vijijini huwa na ndege hawa, na Waswahili wanaoishi huko hukutana nao kwa mara ya kwanza. Haya ndiyo wanayouliza zaidi.

Jirani yangu Mwingereza ameniletea fezanti wawili waliopigwa kwa bunduki. Ni salama kula?

Kwa mtu mzima mwenye afya, ndiyo, mara moja moja, ilimradi uwaandae vizuri. Fezanti ni wa jamii moja na kuku, na nyama yake inamkaribia kuku wa kienyeji kuliko yule wa kisasa. Kinachonitia wasiwasi ni kilichomuua. Kwa Kiswahili risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki, na risasi pia ni jina la madini, na ndege wengi wa Uingereza wamekuwa wakipigwa kwa punje za madini hayohayo. Ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto ndiye anayeumia zaidi kwa sababu ubongo wake bado unakua.

Mlaze ndege penye mwanga, umpapase kifuani. Utaona doa jeusi la damu iliyovilia, na mara nyingi unyoya mdogo umezama ndani ya nyama, kwa kuwa punje iliuvuta ilipokuwa inaingia. Ufuate unyoya ule kwa ncha ya kisu. Mwisho wake utakuta kipunje kigumu, kidogo kuliko mbegu ya pilipili manga. Kitoe, kisha ukate na kutupa nyama yote iliyovilia damu pembeni mwake.

Nikishazitoa punje zote, si basi?

Hapana, na hapa ndipo wengi hukosea. Punje ikigonga mfupa humeguka vipande vidogo sana, visivyoonekana kwa macho wala kusikika kwenye meno, na vingine husambaa mbali na kidonda. Moto hauviondoi. Tena mapishi yetu yanaweza kuongeza tatizo. Ndimu, siki na ukwaju vina asidi, na asidi huyeyusha risasi ikachanganyika na mchuzi. Kwa ndege aliyepigwa kwa punje za risasi, usimlaze kwenye ndimu usiku kucha. Mpake tangawizi, kitunguu saumu, binzari nyembamba na pilipili manga, na ndimu uikamulie kwenye sahani wakati wa kula.

Nani ajiepushe?

Wajawazito, wanawake wanaotafuta ujauzito na watoto wadogo wasipewe nyama iliyopigwa kwa punje za risasi. Hata mtu mzima, asiifanye kitoweo cha kila wiki. Mjamzito pia asile maini ya mnyama yeyote, kwa sababu ya wingi wa vitamini A. Mwenye jongo (gauti) apunguze nyamapori, kwani huongeza asidi ya yuriki.

Nitajuaje kama alipigwa kwa punje za risasi?

Muulize muuzaji, bila haya. Baadhi ya wawindaji siku hizi hutumia punje za chuma. Kwa bata mwitu, sheria ya England imekataza punje za risasi tangu 1999, na Julai 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuzipiga marufuku kwa uwindaji mwingine pia. Asipokuwa na jibu, chukulia kwamba ni risasi. Nyama ya kulungu ya dukani mara nyingi hutoka kwa kulungu wa kufugwa, na hiyo kwa kawaida haina risasi au ina kidogo sana.

Nimezoea kuosha nyama kwa maji na ndimu. Niendelee?

Najua tulivyolelewa, kwamba nyama isiyooshwa ni uchafu. Lakini maji ya bomba hurusha vijidudu kwenye sinki, kwenye vyombo na kwenye kachumbari iliyo kando. Ifute nyama kwa karatasi ya jikoni, uitupe karatasi, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Je, ni halali?

Hilo si la kitabibu. Muulize shekhe wako, ukimweleza mnyama aliuawa vipi na nani aliyempiga.

Kulungu hupikwaje asikauke? Waingereza humla akiwa mwekundu ndani.

Nyama ya kulungu ina mafuta machache sana na madini ya chuma kwa wingi, ni chakula kizuri kwa mwenye upungufu wa damu. Uhaba huo wa mafuta ndio unaoikausha. Wanaoila nyekundu huwa wanakula kipande kizima cha mnofu kilichochomwa nje pande zote, ambako ndiko vijidudu vinakokaa. Nyama ya kusaga na soseji ni jambo jingine, kwa kuwa vijidudu vya nje vimeshachanganywa hadi ndani. Mwaka 2015 watu waliugua Scotland kwa bakteria wa E. koli O157 waliohusishwa na nyama ya kulungu. Kwa hiyo nyama ya kusaga, soseji na ndege wote vipikwe hadi katikati pafike nyuzi 70 za Selsiasi kwa dakika 2. Kipimajoto cha nyama kinauzwa bei nafuu.

Ukitaka mchuzi, omba bega au shingo, si paja. Kaanga vipande kwa mafuta kidogo hadi vibadilike rangi, tia kitunguu, tangawizi na maji ya kufunika, funika sufuria na uache moto mdogo kwa saa mbili au tatu. Uma ukiingia bila kusukumwa, ndipo umimine tui zito, likichemka mara moja epua.