Una aleji ya dawa, ila dawa gani hujui

Huku Mbagala ukimuuliza mtu ana aleji ya nini anakwambia "zile za rangi mbili", na hapo ndo shida inaanzia jamani, maana vidonge vya rangi mbili viko vingi.

Wengi wanasema nilimeza Augmentin nikaharisha, basi nina aleji. Hapana. Kuharisha na kichefuchefu ni maudhi ya dawa. Aleji ni kinga ya mwili kuishambulia ile dawa, unatoka mabaka yanawasha, midomo inavimba, kifua kinabana.

Wengine, "mbona nimeimeza miaka yote haijanifanya kitu". Ndo inavyokuwa mara nyingi, mwili unaijua kwanza halafu siku nyingine unaikataa.

Halafu hili la majina linaniuma sana. Mtu anajua penisilini, ule ukoo wa dawa za kuua bakteria, inamdhuru, anafika duka la dawa anapewa Ampiclox anameza kwa amani, kumbe Ampiclox, amoksi, Augmentin na ile sindano ya PPF zote ni penisilini! Septrin ni ukoo mwingine, ni salfa, kama SP, zile za malaria wanazopewa wajawazito kliniki. Ukitumia Septrin, hata kama ni wiki ya pili, ukaona malengelenge, vidonda mdomoni, macho mekundu, ngozi inabanduka, acha hapohapo nenda hospitali, na usiiguse tena maisha yako yote.

Na wale wanaomnywesha maziwa mtu aliyedhurika na dawa je? Maziwa hayazuii aleji. Piriton inasaidia muwasho, lakini mtu akianza kukosa pumzi au kuishiwa nguvu anahitaji sindano ya adrenalini ya pajani, sasa nyie mnamkorogea maziwa saa ngapi, tafuta bajaji, bodaboda, chochote, awahi hospitali.

Na sio kila aleji ni ya kudumu. Kati ya watu 100 wanaosema wana aleji ya penisilini, zaidi ya 90 wakipimwa wanaonekana wanaweza kuitumia, na hata wenye aleji ya kweli wengi inawaisha ndani ya miaka 10. Ila usijipime mwenyewe nyumbani kwa kumeza kidonge uone itakuwaje, hiyo kazi ya daktari, mwambie ilikuwa dawa gani, mwaka gani, na ulitokewa na nini baada ya muda gani.

Ya mama yangu nimeiandika kwa kalamu nyekundu juu ya daftari lake la hospitali: Septrin, 2019, malengelenge mdomoni, siku ya 9.