Mwanafunzi wa Gredi ya 10 Anatarajiwa Kuweza Nini katika Fasihi na Insha

Tangu kundi la kwanza la Gredi ya 10 liingie katika shule za sekondari pevu nchini Kenya mnamo Januari 2026, idara yetu ya lugha imekuwa ikipokea maswali ya wazazi yanayoelekea upande mmoja: mtoto anunuliwe mwongozo upi, na akariri insha ngapi kabla ya mtihani. Tunaamini yanaulizwa kwa nia njema. Hata hivyo, hakuna hata moja linalogusa malengo ya somo.

Ifahamike kwanza kwamba Fasihi ya Kiswahili ni somo la kuchagua katika mkondo wa Sayansi za Jamii, ilhali Kiswahili ni somo la lazima, isipokuwa kwa wanaosoma Lugha ya Ishara ya Kenya. Mwanafunzi aliyechagua fizikia na kemia hajasamehewa kuandika insha.

Malengo ya mada za fasihi huandikwa kwa vitenzi kama kueleza, kuchanganua na kutunga, na kila kitenzi kina kipimo chake. Tuchukue ushairi. Mwanafunzi hupewa shairi ambalo hajawahi kuliona, tuseme tarbia, yaani shairi la mishororo minne katika kila ubeti, yenye mizani (silabi) 16 katika kila mshororo. Kuhesabu mizani na kuonyesha vina ni kazi ya dakika chache. Linalotarajiwa zaidi ni aeleze nafsineni (anayezungumza katika shairi) ni nani, toni ni ipi, na inkisari (kufupisha neno) au tabdila (kubadilisha sauti za neno bila kubadili idadi ya mizani) imemsaidiaje mshairi, huku akitoa ushahidi kutoka katika mishororo yenyewe. Anayeandika kwamba mshairi ametumia inkisari, kisha akaishia hapo, ametaja tu, hajachanganua. Mwongozo hautamfaa, kwa kuwa shairi hilo halimo ndani yake.

Katika fasihi simulizi, baadhi ya wazazi wamelalamika kwamba kumtuma mtoto akakusanye ngano nyumbani ni kuwabebesha kazi ya mwalimu. Sivyo. Lengo ni mwanafunzi ashuhudie uwasilishaji: mtambaji amefungua vipi, hadhira imeitikia vipi baada ya kuambiwa “Paukwa”, sauti imebadilika wapi, na wimbo umeingizwa kwa sababu gani. Ngano iliyonakiliwa kutoka kitabuni haiwezi kumwonyesha hayo, hata ikiandikwa kwa hati nzuri.

Kuhusu utungaji, tutatumia mfano wa karatasi ya 102/1, yaani ya insha, ya KCSE (mtihani wa Kidato cha Nne), ambayo itaendelea kwa watahiniwa wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 hadi mwaka wa 2027. Maelezo haya hayachukui nafasi ya maelekezo yoyote ya baraza la mitihani kuhusu upimaji wa Gredi ya 10. Katika karatasi hiyo insha moja ina alama 20. Mtahini huihesabu kwa kupata wastani wa maneno katika mstari, kisha kuuzidisha kwa idadi ya mistari. Insha isiyozidi maneno 174 huitwa insha robo, na haiwezi kuvuka alama 5 hata kama imeandikwa kwa ufundi wa kupigiwa mfano. Kuanzia maneno 175 hadi 274 ni insha nusu, na kikomo chake ni alama 10. Kuanzia 275 hadi 374 ni insha robo tatu, ambayo kikomo chake ni alama 15. Ni kuanzia maneno 375 tu ambapo insha huhesabiwa kuwa kamili. Mtahiniwa asiyezingatia sura ya utungo, kwa mfano anayeandika barua rasmi bila anwani mbili na kiini (mada ya barua) kinachotanguliwa na KUH (kuhusu) au MINT (mintarafu), huondolewa alama 4 za sura.

Lakini adhabu kubwa kuliko hizo humpata aliyejitungia swali. Huyu ndiye yule aliyekariri insha ya ajali ya barabarani, akaulizwa kuhusu methali, na bado akaandika ajali. Huhesabiwa kuwa amepotoka, naye huwekwa katika kiwango cha D, ambacho ndicho cha chini kabisa. Tumelieleza jambo hili kwa miaka, na bado vijitabu vya insha za kukariri vinanunuliwa na wazazi walewale wanaolalamikia matokeo.

Lengo la utungaji ni mwanafunzi aweze kupanga hoja zake, kuandika rasimu, kuikosoa na kuiandika upya, iwe ni masimulizi, ripoti au kumbukumbu za mkutano. Mzazi anayetaka kufuatilia aombe kuona rasimu ya kwanza yenye alama za masahihisho, pamoja na ile iliyoandikwa baadaye. Iwapo daftari lina nakala safi pekee muhula mzima, aulize. Aanze kwa mwalimu wa somo, kisha mkuu wa idara ya lugha shuleni, kisha mwalimu mkuu. Barua zinazoletwa kwetu kabla ya hatua hizo hurudishwa shuleni, jambo linalomchelewesha mwanafunzi bila sababu.