Mtawala wa mamlaka yote, na ridhaa ya raia

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu: eti Ulaya ya karne ya 17, kila aliyetetea mtawala mwenye mamlaka yote alisema mfalme kawekwa na Mungu, na ridhaa ya raia haikuhesabiwa. Si kweli, ukikufikia usiusambaze.

Fungua Leviathan, kitabu kilichotoka Uingereza mwaka 1651. Sura ya 17 inajenga mamlaka hayo juu ya ridhaa: kila mtu anaahidiana na mwenzake kumwachia mtu mmoja, au baraza, haki ya kujitawala. Ujanja uko sura ya 18. Mtawala mwenyewe hakuwekeana ahadi na raia, kwa hiyo hawezi kulaumiwa kwamba kaivunja. Hata ridhaa ya hofu inafunga: ukimwahidi mwizi pesa akuachie, sura ya 14 inasema unadaiwa, hadi sheria ya nchi ikuondolee deni. Ridhaa ya ajabu, lakini ni ridhaa. Tena ina ukomo: sura ya 21 inakuruhusu kukataa amri ya kujiua, au ya kuacha chakula na dawa.

Watu huchanganya kwa sababu wapo kweli waliodai wafalme wamerithi mamlaka ya Adamu. Patriarcha, kilichochapwa mwaka 1680, ndicho mfano maarufu. Mwandishi wake aliisoma Leviathan, akaafiki ukubwa wa mamlaka, akaukataa mkataba.