Ultrasaundi haipimi umbali, inapima muda

"Dokta, hiyo mionzi haitamdhuru mtoto?"

Swali hili nalisikia karibu kila wiki hapa Dar, na simlaumu anayeuliza. Mlangoni tumeandika "Idara ya Mionzi", na chumba cha ultrasaundi kimepakana na cha eksirei. Lakini ultrasaundi ni sauti tu, ya mitetemo milioni 2 hadi 15 kwa sekunde, ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Mionzi haimo.

Dhana inayoniumiza kichwa zaidi ni nyingine, na hata sisi wa kazini tunayo: kwamba mashine inapima umbali. Mashine hupiga sauti, husubiri mwangwi urudi, na huhesabu muda. Basi. Sentimita tunazoziona kwenye kioo hupatikana kwa kuchukulia kwamba sauti hupita mwilini kwa mita 1540 kwa sekunde, kila mahali. Namba hiyo ni wastani wa tishu laini. Kwenye mafuta sauti hujikokota kwa mita kama 1450, kwenye misuli hukaribia 1580, na kwenye mfupa mgumu hupita 3000.

Chukua mama mwenye mafuta ya unene wa sentimita 5 tumboni. Sauti huenda na kurudi kwa maikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 69 hivi. Mashine itazidisha kwa 1540 yake, itagawa kwa mbili kwa kuwa sauti imeenda na kurudi, na kuandika sentimita 5.3. Milimita 3 zimezuka hivi hivi, na kila kilicho nyuma ya mafuta hayo kimesukumwa chini kiasi hicho. Picha nayo hufifia, kwa sababu miangwi haikutani pale mashine ilipoitarajia. Mgonjwa mnene akiambiwa "picha yako mbaya", aelezwe pia kwamba kosa hilo limo kwenye hesabu. Mashine nyingine siku hizi zinaruhusu kubadili mwendo huo. Mwenye nayo aitumie.

Wengi husema pia kitu kizito ndicho hupitisha sauti haraka. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6, lakini sauti hupita ndani yake kwa mita 1450 hivi, chini ya maji yenye karibu 1480. Uzito peke yake hauamui. Muhimu pia ni jinsi kitu kinavyokataa kubanwa.

Ndiyo maana mwendo wenyewe unaweza kutueleza habari za tishu. Ini likijaa mafuta, mwendo hushuka. Ipo hata mashine ambayo mwanamke hulala kifudifudi, ziwa likaning'inia ndani ya maji ya vuguvugu, na duara la vihisio likapitisha sauti kutoka upande hadi upande. Mafuta huonekana ya polepole, saratani mara nyingi ya haraka. Ila uvimbe usio saratani nao waweza kuwa na mwendo huo huo, kwa hiyo namba hii haichukui nafasi ya kutoa kinyama kikapimwe maabara. Wala tusiichanganye na kipimo cha ugumu wa ini: pale hupimwa wimbi la mtikisiko, ambalo hutembea mita chache tu kwa sekunde.

Na ile jeli ya baridi, mama zangu, si dawa. Hewa ikibaki kati ya kifaa na ngozi, karibu sauti yote hurudi pale pale bila kuingia. Jeli huiondoa hewa hiyo. Kipimo kikiisha, jifute na kanga yako uende zako.